Jioni ya Kuvunja Vyombo

Mpwa wangu alipiga simu nikiwa nimetoka kazini muda si mrefu, bado nimevaa shati la dereva wa basi, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. Barabara ya Stratford, hapa Birmingham, ilikuwa imenichosha siku hiyo. Pale Sparkhill tulisimama kwenye foleni hadi abiria wakaanza kushuka mmoja mmoja na kutembea.

"Uncle," akasema, "mkija wikendi hii msisahau kuleta sahani."

"Sahani za kulia?"

"No, za kuvunja."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mke wangu, aliyekuwa jikoni akikaanga vitunguu, akazima jiko na kuja kusimama mlangoni, mwiko mkononi.

Huyu mpwa ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajaanza hata kung'oka meno ya utotoni, tukamleta Birmingham, akakua pamoja na watoto wetu kama mmoja wao. Ni mtoto wa huku sasa: ukimsemesha Kiswahili anakuelewa vizuri, lakini jibu linakuja kwa Kiingereza, labda neno moja au mawili ya nyumbani yakipenya. Alikwenda Ujerumani kusoma, katika mji wa Münster, akapata kazi hukohuko, na akapata mchumba, mwalimu wa shule ya msingi. Harusi ya kanisani ilikuwa ifungwe Birmingham mwezi unaofuata, kwa sababu ndugu na marafiki zetu wengi wako hapa. Ila watu wa mchumba waliomba jambo moja: mkesha wa kwao ufanyike kwao.

Akatueleza. Wageni huja na vyombo vya udongo vilivyochakaa, wakavivunja mbele ya nyumba ya wachumba. Kelele zile hufukuza mabaya, na vigae huleta heri. Kisha bibi na bwana harusi watarajiwa hushika mafagio na kufagia pamoja, watu wote wakiwatazama, ili wajifunze mapema kwamba ndoa ina uchafu wake na uchafu huo ni wa wote wawili.

"Ni vizuri sana, Uncle, utaona," akasema, akakata simu.

Mke wangu alikaa kwenye kiti. "Kuvunja vyombo harusini," akasema. "Baba watoto, mimi nitakwenda, maana mtoto ni wangu. Lakini mkono wangu hautavunja hata kikombe."

Sikumuuliza sababu. Nilikuwa naijua.

Dada yangu alipoolewa, kule Voi, mke wangu alikuwa bado si mke wangu. Alikuwa rafiki wa bibi harusi, msichana mwembamba aliyekuwa karibu kwenda kusomea uuguzi. Siku hiyo alipewa kazi ya kuwapelekea chai wazee wa upande wa bwana harusi. Nyasi zilikuwa na unyevu. Akateleza, na sinia zima la vikombe likaenda chini. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanaume wenzangu, tukichuna mbuzi, lakini hata sisi tulisikia ule mlio, na baada ya mlio tukasikia kimya. Halafu shangazi yetu mmoja, mwanamke mwenye sauti kubwa, akasema, "Nyumba hii haitakaa."

Miaka ikapita, dada akaugua, akafa. Kwenye matanga shangazi yule akakaa na wanawake wenzake karibu na moto, akasema, "Si nilisema?" Mke wangu alikuwa hapo akichochea kuni. Amekuwa muuguzi miaka mingi, katika hospitali kubwa ya hapa Birmingham, karibu na Harborne. Ameona watu wengi wakifa, na anaweza kukuambia kila mmoja alikufa kwa nini. Hata ugonjwa wa dada anaujua kwa jina lake na jinsi unavyoua. Lakini neno la shangazi halikumtoka. Mpwa wetu hatukumwambia kamwe.

Jumatano tulikwenda High Street, barabara ya maduka ya mtaa wetu wa Kings Heath, kwenye duka la mitumba linalouza vitu kwa ajili ya hisani. Mimi ndiye niliyechagua, yeye akasimama kando akitazama makoti. Nikachukua sahani za maua ya samawati, bakuli kadhaa, na sahani moja nyeupe nzito. Mama mzee aliyekuwa kwenye kaunta alizifunga moja moja kwenye gazeti, kwa uangalifu, kama mtu anayemvisha mtoto.

"Ni zawadi?" akaniuliza.

"Ni za harusi," nikamjibu.

"Watazitunza," akasema huku akitabasamu, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Tulifika Münster Ijumaa alasiri, kwa ndege kisha kwa treni. Kitu cha kwanza nilichokiona nje ya stesheni ni baiskeli. Sijawahi kuona baiskeli nyingi namna ile. Wazee wenye mvi walikuwa wakiendesha wima kama maafisa, kina mama na watoto kwenye vikapu vya mbele, hata mwanamume mwenye suti na tai. Kama mtu anayeishi kwa kuendesha basi, nilipaswa kukasirika. Lakini kila mmoja alikuwa na njia yake, taa zinawasubiri, na madereva wa mabasi walikuwa na sura za watu waliolala vizuri. Nikawaonea wivu.

Mpwa wetu na mchumba wake walikuwa wakiishi ghorofa ya juu katika nyumba ya bibi yake mchumba, nyumba ya matofali mekundu katika mtaa wa nyumba zinazofanana. Bibi mwenyewe alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mjane aliyepita miaka themanini, mwenye macho makali na viatu vya bustani. Alitushika mikono wote wawili kwa pamoja, akasema maneno marefu ya Kijerumani, kisha akatuelekeza kwenye gereji.

Gereji ilikuwa imejaa watu. Majirani walikuwa wameleta matawi ya msonobari, na wanaume walikuwa wakiyafunga kwenye kamba ndefu kutengeneza shada la kuzungushwa mlangoni. Wanawake walikuwa mezani wakikunja mawaridi ya karatasi, meupe na mekundu, na katikati ya meza kulikuwa na chupa na mkate na soseji. Walikuwa wakizungumza wote kwa wakati mmoja.

"Hawa ni ndugu zake?" mke wangu akauliza.

"No, Auntie, majirani," mpwa akasema, akatuonyesha mwanamume mmoja mnene aliyekuwa ameshika koleo. "Huyu ndiye jirani wa kwanza."

Jirani wa kwanza, tukaambiwa, ni yule wa mlango unaofuata, na ana wajibu wake. Mtoto akizaliwa, yeye ndiye anayewaita wengine. Watu wakioana, yeye ndiye anayesimamia shada. Mtu akifa, yeye ndiye anayepita nyumba hadi nyumba kutoa taarifa, na zamani ndiye aliyebeba jeneza. Hakuna aliyemchagua wala anayemlipa. Amepata kazi hiyo kwa sababu ukuta wake umegusana na ukuta wako.

Nilikaa nikilifikiria jambo lile. Katika mtaa wetu wa Kings Heath nimeishi miaka mingi, na jirani yangu wa upande wa kushoto namjua kwa pipa lake la taka tu. Nilikuwa nimejiambia siku zote kwamba Wazungu ndivyo walivyo. Sasa hawa walikuwa Wazungu pia, na walikuwa wakifanya mambo ya kijijini kwetu katikati ya mji.

Nilipogeuka kumtafuta mke wangu, nilimkuta ameshaketi mezani. Mwanamke mmoja alikuwa amemshika vidole akimwonyesha namna ya kukunja karatasi. Waridi lake la kwanza lilitoka kama kabichi. Wakacheka wote, naye akacheka. La tatu lilikuwa zuri kuliko yale ya mwanamke aliyemfundisha.

Baada ya shada kutundikwa, wachumba wakatutembeza mjini. Jua la kiangazi lilikuwa halijazama. Tulipofika chini ya mnara wa kanisa moja, saa ikagonga, kisha tukasikia sauti ya baragumu ikishuka kutoka juu kabisa, nene na ya polepole. Mchumba akatueleza kwamba kuna mlinzi kule juu, siku hizi ni mwanamke, na kazi yake ni kupuliza baragumu kuwajulisha watu kwamba ametazama pande zote na hakuna moto mahali popote.

"Siku hizi si kuna simu za zimamoto?" nikauliza.

"Zipo," akasema. "Lakini tunapenda mtu atuambie kwamba kuko salama."

Mke wangu akabaki ameinua shingo muda mrefu baada ya sauti kwisha.

Jumamosi asubuhi tulikwenda soko la mbele ya kanisa kuu, tukala viazi vilivyoparuzwa na kukaangwa, vinavyoliwa na mchuzi wa matofaa, chakula nilichokidharau kwa macho na kukirudia mara mbili kwa mdomo. Jioni watu wakaanza kuja.

Walikuja kwa miguu na kwa baiskeli, na wengine na wilbaro. Walikuja na sahani, vikombe, vyungu vya maua na mabirika yasiyo na vifuniko. Wanaume wawili walikuja wamebeba sinki la bafuni, na nyuma yao jirani wa kwanza akiwa amekumbatia choo cha kukalia, cheupe, kimeoshwa vizuri, watu wakimpigia makofi njia nzima. Mpwa alikuwa ametuonya mapema: udongo tu, hakuna glasi wala kioo. Ukivunja glasi unavunja bahati. Hivyo hata kuvunja kulikuwa na miiko yake, na jambo hilo lilinifanya niwaheshimu zaidi. Watu wanaojua nini cha kuvunja na nini cha kuacha si watu wa fujo.

Choo kilianguka kwa mlio uliowafanya ndege waruke kutoka kwenye miti. Baada ya hapo ilikuwa mvua ya vyombo. Mpwa wangu na mchumba wake, wamevaa mabuti na glavu za bustani, walifagia, wakazoa, wakamwaga kwenye wilbaro. Kila walipomaliza sehemu moja mtu alikuja na rundo jingine. Vikongwe walisimama kando wakisema nani kati ya wachumba anashika ufagio vizuri. Nilipouliza, niliambiwa kura nyingi zilikwenda kwa bwana harusi, mpwa wetu.

Zamu yangu ikafika. Nikatoa ile sahani nyeupe nzito, nikaiinua, nikaibamiza chini. Ikadunda. Ikazunguka kwenye saruji kama sarafu, ikalala, nzima kabisa. Watu wakapiga kelele za furaha. Nikaiokota, nikairusha tena kwa nguvu zaidi. Ikadunda tena, ikaenda kusimama miguuni mwa yule bibi mwenye nyumba.

Nyuma yangu nikamsikia mke wangu akisema kwa sauti ya chini, "Umeona? Hata sahani imekataa."

Alikuwa amesimama karibu na ukuta, mikono ameikunja kifuani. Bibi akaokota sahani yangu, akaigonga kwa kidole, akacheka. Kisha akamtazama mke wangu, na kicheko kikakatika. Akaenda kuketi kwenye benchi la mlangoni, chini ya shada, akapigapiga nafasi iliyo kando yake. Mke wangu akaenda, nami nikamfuata. Bibi akamwita mpwa aje atafsiri.

"Anauliza umesema nini, Auntie. Anasema uso wako ni wa mtu anayeogopa."

Kwa kawaida mke wangu angesema si kitu. Ni mtu wa kumeza. Lakini sijui, labda ni zile siku mbili za kuketi na wale wanawake, labda ni kwamba aliyemuuliza alikuwa mtu mzima. Akamjibu, na alimjibu kwa Kiswahili.

"Mwambie kwetu chombo kikivunjika harusini ni nuksi. Mwambie mimi niliwahi kuvunja."

Mpwa akatafsiri. Bibi akasubiri.

"Nilikuwa nimebeba chai ya wazee. Nikateleza, vikombe vyote vikavunjika. Mtu akasema nyumba ile haitakaa."

Mpwa akatafsiri tena, haraka, kama anayesimulia habari za watu wa mbali.

"Na bibi harusi alikuwa rafiki yangu. Na alikufa kijana. Akaacha mtoto."

Mpwa akamgeukia bibi ili atafsiri, akaishia njiani. Ufagio ulikuwa bado mkononi mwake. Nilimwona akiyapanga yale maneno kichwani, kisha akamgeukia mke wangu, si bibi.

"Mum?" akasema.

Mke wangu akatikisa kichwa kukubali.

Nilitaka kuingilia, kusema jambo lolote la kiume la kupitisha wakati, lakini bibi aliniwekea mkono gotini nikanyamaza. Kule mbele watu waliendelea kuvunja na kushangilia. Mchumba alikuwa ameona kitu kutoka mbali, akasimama, lakini hakuja.

Basi mpwa wangu akamgeukia bibi na kutafsiri. Aliifanya kazi ile hadi mwisho, polepole, akifuta uso kwa nyuma ya glavu, ikamwachia mstari wa vumbi shavuni.

Bibi alizungumza kwa muda. Alisema dada yake mkubwa aliolewa mara baada ya vita. Mji huu ulikuwa umepigwa mabomu, nusu yake imelala chini, na hakuna mtu aliyekuwa na sahani ya ziada. Hata hivyo majirani walikuja. Walipita kwenye magofu wakaokota vigae vya mapaa ya nyumba zilizobomoka, wakaja kuvivunja mlangoni. Yeye alikuwa mtoto, alikumbuka mlio. Mama yake alilia, na hakulia kwa huzuni. Alisema, kumbe hata kilichovunjwa na mabomu kinaweza kuvunjwa tena kwa heri.

Kisha akauliza, "Ilikuwa sinia zima?"

"Sinia zima," mke wangu akasema.

"Basi kama ungekuwa huku kwetu, wewe ndiye ungekuwa mgeni aliyemletea baraka nyingi kuliko wote."

Mpwa ndiye aliyeuliza, na mara hii kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kuchechemea ambacho huwa anakionea aibu: "Mum alifanya nini? Vikombe vilipoanguka?"

"Alicheka," mke wangu akasema. "Watu wote walinyamaza, yeye peke yake alicheka. Aliacha kiti chake cha heshima akaja kuchutama na gauni lake jeupe, akaokota vigae pamoja nami. Akaniambia, inua uso, vikombe vyenyewe vilikuwa vibaya."

Hilo sikuwahi kulijua. Miaka yote ile ya ndoa nilikuwa nimesikia habari za lile sinia, kimya kile na shangazi yule, na sikuwahi kusikia kwamba dada yangu alicheka. Nadhani neno la shangazi lilikuwa limekaa mbele ya kicheko kile likakiziba. Mpwa wangu alikuwa akitabasamu na kulia kwa pamoja. Vitu alivyonavyo vya mama yake ni vichache: picha kadhaa, leso moja. Sasa alikuwa amepewa kicheko.

Mke wangu akanyanyuka. Akalifuata lile furushi letu, akafungua gazeti, akatoa sahani ya maua ya samawati. Akaitazama kidogo. Kisha akaivunja, na ile ilivunjika barabara. Watu ambao hawakujua lolote walishangilia kama walivyoshangilia za wengine. Akachukua ya pili, ya tatu, na bakuli. Kila sahani aliirusha kutoka juu zaidi ya iliyotangulia. Zilipokwisha akabaki akihema, mikono imejaa wino wa gazeti, na mchumba akaja na ufagio wake akamwambia kwa Kiingereza, kwa adabu nyingi, "Auntie, nilikuwa nimemaliza kufagia hapo."

"Fagia tena," akamwambia. "Ndoa ndiyo hiyo."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili kule ina adabu yake. Maduka yote yamefungwa. Hakuna anayekata nyasi, hakuna anayetoboa ukuta, hata chupa tupu haziruhusiwi kutupwa kwenye mapipa yake kwa sababu zina kelele. Mke wangu, ambaye miaka mingi Jumapili yake imekuwa zamu kama siku nyingine, alilala baada ya ibada hadi alasiri, na hakuna aliyemwamsha. Alipoamka, meza ilikuwa imetandikwa bustanini: kahawa, keki ya plamu, krimu, na vikombe vizuri vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo bibi aliviweka mezani bila wasiwasi wowote.

Katikati ya kahawa, bibi akaweka uma chini na kusema jambo kwa sauti rasmi. Mpwa akaanza kucheka.

"Auntie, anasema kwamba kwao watu wasiofahamiana wanaitana kwa 'nyinyi' ya heshima. Mkubwa ndiye anayeweza kumruhusu mdogo amwite 'wewe'. Sasa anakuruhusu. Ni jambo kubwa, usicheke."

Mke wangu hakucheka. Akafikiri. "Mshukuru sana," akasema. "Lakini mwambie mtu mzima kama yeye mimi siwezi kumwita hivyo, kinywa changu kitakataa. Kama ananiruhusu, nitamwita Mama."

Neno lile la mwisho halikuhitaji mkalimani. Bibi alilisikia lenyewe, akalirudia, akamkatia mke wangu kipande kingine cha keki bila kumuuliza kama anataka.

Tuliondoka jioni ileile. Jirani wa kwanza alikuja kuaga, akatubebea begi hadi kituo cha basi, ingawa halikuwa na kitu tena. Ndani ya treni mke wangu alikaa upande wa dirishani akitazama mashamba, na mimi nikamwacha. Tulipovuka mto mmoja mpana akasema, bila kunigeukia, "Nitampigia simu shangazi yako."

"Kumwambia nini?"

"Kumwalika harusini. Ni mzee sasa. Hataweza kuja, lakini aalikwe."

Akampigia kweli, Jumatatu, kabla ya zamu yake ya mchana. Mimi nilikuwa barabarani na basi langu, sikuyasikia waliyozungumza. Aliniambia tu kwamba walizungumza muda mrefu, na kwamba shangazi aliuliza Wajerumani wanakula nini harusini.